Serikali inauza wanyamapori na watu wanapiga makofi

Siku ya kwanza naambiwa kwamba serikali ya jimbo huku Marekani inauza wanyamapori wakiwa hai, tena kwa mnada, tena kila mwaka, nilicheka kicheko kile cha mtu anayejua mambo. Maana Mtanzania wa rika langu ukimwekea "mnyama hai" na "kuuza" kwenye sentensi moja, kichwani inamjia picha moja tu, twiga anapanda ndege. Novemba 2010, uwanja wa KIA, wanyama na ndege zaidi ya 100 wakiwemo twiga wanne wakapakiwa kwenye ndege ya jeshi la Qatar wakaondoka zao, sisi tukaja kusikia kwenye magazeti baadae. Kesi ikaunguruma Moshi, mshtakiwa mkuu akapigwa miaka 60 mwaka 2014 na mwenyewe kashatoroka kitambo. 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje, 2022 ikatangaza inafungua, watu mtandaoni wakachachamaa, na siku chache baadae ikafungwa tena. Kwaiyo nilipoambiwa njoo uone tunavyouza nyati wa umma nikajisemea haya, hawa nao wana KIA yao.

Niweke sawa jina kwanza. Huku watu wa kawaida wanasema bafalo, ila siyo nyati wetu yule wa Katavi mwenye pembe kama kofia. Huyu ni baisani, kifua na kichwa kikubwa ajabu, nundu mgongoni, manyoya mbele kama kavaa koti la jirani, halafu nyuma mwembamba utadhani walimalizia na vipande vya mnyama mwingine. Dume linafika kilo 900 na likiamua kukimbia linakwenda kilomita 55 kwa saa. Nimeliona likilala kwenye vumbi na kugaragara kama punda na nikasahau yote hayo, ndo maana kila kiangazi kuna mtalii anasahau pia akaenda kupiga selfi.

Mimi naendesha lori, naishi Sioux Falls upande wa mashariki wa South Dakota, na hifadhi ninayoizungumzia, Custer State Park, iko mwisho kabisa wa magharibi kwenye milima ya Black Hills, masaa kama sita kwa gari. Ni mali ya jimbo, siyo ya serikali kuu, na hilo shika maana mbele litakuja kuwa na kazi. Eka 71,000. Ijumaa ya mwisho ya Septemba kila mwaka wanaswaga kundi zima kutoka mbugani mpaka kwenye mazizi, na watu zaidi ya elfu ishirini wanakuja kuangalia. Nilienda na mzee mmoja Mkongomani, Mnyamulenge wa kule Minembwe, aliyelelewa nyuma ya ngombe mpaka vita vilipomtoa, saivi anafanya kazi kiwanda cha nyama na kusema ukweli ndo alinishawishi twende. Alikuwa kashika ngombe waliochinjwa miaka sita mfululizo, akaniambia mwanangu, nataka kuona wenye kukimbia.

Tulifika bado giza. Utaratibu wao ni kwamba saa tatu asubuhi mageti yanafungwa, aliyeingia kaingia na hutoki mpaka wanyama wawe zizini, kwaiyo unakaa kwenye kilima na blanketi na chai ya chupa na maelfu ya watu wazima wenye viti vya kukunja wanaosubiri ngombe. Mzee alikuwa anashangaa. "Kwetu watu wanakimbia ngombe ikikuja, hawa wanakuja wenyewe wakae karibu."

Halafu ukaona juu ya kilima cha mbali mstari mweusi. Mwanzoni kama kivuli cha wingu. Kivuli kikaanza kumwagika kuja chini, na sauti haikufika mpaka baadae, na ilipofika haikuwa kwato, ilikuwa mikoromo, wanakoroma kama mamia ya mitungi inayoburutwa kwenye sakafu, na juu yake mijeledi inalia na wapanda farasi wanapiga mayowe. Wapanda farasi ni 60, ishirini ni wa hifadhi wenyewe, ishirini wamealikwa, ishirini wanatoka kwa bahati nasibu, yani raia wa kawaida anaomba, akichaguliwa anakuja kuswaga. Nyuma zinafuata pikap. Ndama walikuwa wameshaacha ile rangi ya chungwa wanayozaliwa nayo Aprili na Mei, wamekuwa kahawia na vipembe vinaanza kuchomoza, na kila mmoja alikuwa kabandika bega lake kwenye ubavu wa mama yake, anakimbia vilevile, hakuna anayeachwa. Mzee alisimama. Kile kiti cha kukunja kikaanguka hata hakuona.

Sasa madume makubwa hayakuwepo, na hilo yeye ndo aliona kabla yangu. "Baba zao wako wapi?" Kumbe madume wazee hawaswagwi kabisa, wanakaa peke yao wawiliwawili huko kwenye mabonde, hawasikii farasi wala gari, ukiwalazimisha kuingia zizini watavunja zizi na wanyama wenzao. Wale idadi yao inapunguzwa kwa vibali vya uwindaji, vichache kila mwaka na kwa bei ya juu. Kinachoingia mnadani ni wengine, majike, mitamba, ndama, na madume machanga.

Kwanini wauze, hapo ndo nilikuwa nimekosea kila kitu, kwasababu nilikuja nikifikiri biashara kwanza. Nilichokuta ni nyasi kwanza.

Hesabu yenyewe ni hivi. Mwaka 1914 jimbo lilinunua baisani 36, basi, ndo mbegu yote hiyo. Walitoka kwenye shamba la marehemu Scotty Philip pale Fort Pierre. Na wa Philip walitoka kwa familia ya Dupree, baba Mfaransa wa Kanada na mama Mlakota, yani kabila la watu wa asili wa huku, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1880 walikwenda kukamata ndama wachache porini wakati wengine wote walikuwa wanapiga risasi. Maana huko nyuma baisani walikuwa makumi ya mamilioni kwenye bara hili, na ndani ya muda mfupi kabisa, reli, bunduki, biashara ya ngozi, na sera ya kuwanyima watu wa asili chakula ili wakubali kukaa kwenye maeneo waliyotengewa, mpaka mwisho wa miaka ya 1880 wamebaki mamia tu. Unaweza kusema karibu kila baisani unayemuona leo ni mjukuu wa mnyama aliyefichwa na mtu fulani.

36 wa mwaka 1914 wakafika kama 2,500 miaka ya 1940. Furaha si ndiyo? Hapana, balaa, kwasababu hifadhi ina uzio, mbwa mwitu waliokuwa wanawapunguza walishauliwa zamani, dubu wakubwa hawapo, na simba wa milimani ni mdogo kwa jike mzima. Hakuna anayewala. Na sehemu kubwa ya zile eka 71,000 ni misonobari na miamba, nyasi za maana ziko zaidi upande wa kusini. Kundi likiachwa linakaribia kuzidi mara mbili ndani ya miaka mitano hivi. Mfugaji yeyote wa Monduli anajua kinachofuata, mvua ikikosea msimu mmoja unabaki na udongo mwekundu na mizoga.

Kwaiyo kila kiangazi wataalamu wao wanazunguka wanapima nyasi, zimebaki kiasi gani, mvua ilikuwaje, halafu ndo wanaamua wanyama wangapi wavushwe majira ya baridi. Vuli kundi linakuwa kama 1,400, ndama tu ni karibu 400 kwa mwaka, na baridi wanataka lianze na kama elfu moja, mwaka wa ukame pungufu zaidi. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo inayouzwa. Yani hakuna mtu anayekaa ofisini akasema mwaka huu tunahitaji hela tuuze 500, angalau siyo kwenye karatasi, ni nyasi zinasema nimeshiba wapunguze. Nilipomtafsiria mzee hayo alitikisa kichwa akasema kwao baba yake alikuwa anafanya hivyohivyo, mwezi wa sita anapanda kilimani anakaa kimya, akishuka anasema ngombe saba ziuzwe, na hakuna anayeuliza kwanini saba.

Zamani ziada hiyo ilikuwa inachinjwa tu, hifadhi ilikuwa na machinjio yake. Kilichobadilisha mambo ni ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 60 waligundua kundi lina brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao mabwana mifugo wetu wanausema kila siku, unaoingia kwa binadamu kwenye maziwa mabichi pia. Huwezi kumuuzia mtu mnyama hai mwenye brusela. Wakalazimika kukamata kila mnyama, kupima, kuchanja, kuondoa wagonjwa, na ili umkamate kila mnyama inabidi kwanza umswage. Ile sherehe ninayokusimulia, na blanketi na chai, ilizaliwa humo, na mnada wa wanyama hai ukawezekana, tangu 1966. Ukitaka kujua umuhimu wake angalia Yellowstone jirani, kundi kubwa, maarufu dunia nzima, ila brusela bado iko, kwaiyo hawawezi kupakia mnyama kwenye trela akapelekwa popote bila kukaa karantini kwanza, na wengi miaka nenda rudi wameishia kuchinjwa wakivuka mpaka wa hifadhi. Kundi lisilo na ugonjwa ndo lenye mlango wa kutokea.

Mchana wakaturuhusu kwenda kusogea kwenye mazizi. Hapa ningependa niwe na kamera nzuri. Vichochoro vya chuma virefu kuliko mtu, mageti yanafungwa kwa kamba kutoka juu ili mtu asisimame ndani, na mwisho wa kichochoro kuna krashi, siyo ya magogo kama zile za majosho yetu, hii ni ya haidroli, mnyama anaingia mbio, kichwa kinatokeza mbele, chuma kinamfunga shingo na mbavu kwa pamoja. Kelele yake, ah. Kila anayeingia anapiga chuma kwa kichwa mara moja, dang, halafu kimya, halafu pumzi. Mitamba wadogo wanachomwa chanjo ya brusela, ndama wanapigwa chapa, unasikia harufu ya manyoya yanaungua na moshi mweupe unapanda mara moja, majike wakubwa wanapimwa mimba. Sekunde chache sana, maana baisani akikaa muda mrefu amebanwa anaweza kufa kwa hofu tu, au akaumiza mwenzake nyuma. Jamaa aliyekuwa anashika wenzo hakuongea na mtu muda wote, alikuwa anaangalia masikio ya mnyama.

Mzee alikuwa kaegemea mbao anasema kabla ya daktari. "Ule mama ana mimba. Ule pia. Huyu hapana, amezeeka, wataitoa." Na kweli geti la kushoto likafunguka, jike la zamani likaenda upande wa kuuzwa. Kwa kawaida majike wakishapita miaka kumi wanaanza kutolewa, bado wana uwezo wa kuzaa kwenye shamba la mtu lenye majani ya kutosha, ila mbugani nafasi yao inakwenda kwa mtamba. Kulia kubaki, kushoto mnadani. Nilijikuta namhesabia kila mmoja.

Mnada wenyewe ni Novemba, na siku hizi zabuni zinapita kwa intaneti, unaangalia video ya kundi dogo dogo, majike watano, mitamba kumi, unabofya. Kusema kweli kama umezoea mnada wa Pugu huo hauna raha, hakuna dalali wa kukutukana, hakuna mtu anayepiga kiuno cha ngombe kwa fimbo akikwambia huyu ni gari, hakuna supu. Wanunuzi ni wafugaji, wanaoanzisha kundi au wanaotaka damu mpya, maana mifugo ya baisani siyo kitu cha ajabu huku, kuna mashamba mengi binafsi. Pesa inarudi kuendesha hifadhi.

Kuna hatari hapo na sitaki kuipaka rangi. Mnakumbuka kware? Wakati ule Kenya na hata kwetu kila mtu anafuga kware, yai moja linatibu magonjwa arobaini, watu wanauziana vifaranga kwa bei ya mbuzi, halafu siku moja ikaonekana hakuna anayekula kware, ni wafugaji wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Baisani walipitia hicho hicho. Miaka ya 90 bei ya mitamba ilipanda mpaka watu wasiojua hata kufunga waya wakanunua, na karibu na mwaka 2000 ikaanguka vibaya kwasababu soko la nyama halikuwa limekua, ulikuwa ni mchezo wa kuuziana mbegu. Hifadhi inayotegemea mnada inaumia siku kama hiyo, na ubaya ni kwamba nyasi hazijui bei, ziada iko palepale, lazima uwatoe hata kwa hasara. Na hatari ya upande wa pili ndo inanisumbua zaidi, bei ikiwa nzuri. Bwana mkubwa akishazoea kwamba bajeti inajazwa na mitamba, ataanza kumuona mnyama mpole, mnene, anayeingia krashi bila fujo kuwa ndo mnyama mzuri, ukichagua hivyo miaka hamsini unabaki na ngombe mwenye nundu. Tayari vipimo vya vinasaba vimekuta makundi mengi ya baisani, hili likiwemo, yana damu kidogo ya ngombe wa kawaida, kutokana na wafugaji wa zamani waliojaribu kuwapandisha.

Halafu kuna lile ambalo mzee aliuliza tukiwa kwenye foleni ya kutoka. "Wanauzisha, sawa. Lakini hizi ngombe zilikuwa za nani?"

Swali lina jibu na jibu siyo zuri. Black Hills ilikuwa ya Walakota kwa mkataba, Fort Laramie, 1868. Mwaka 1874 Custer, huyohuyo ambaye hifadhi imebeba jina lake, alileta msafara wa jeshi milimani humo, wakatangaza kuna dhahabu, na mkataba ukafa. 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba ardhi ilichukuliwa isivyo halali, ikatoa fidia ya zaidi ya dola milioni mia moja, Walakota wakakataa kuchukua, wanataka milima, na ile pesa imekaa inazaa mpaka imepita bilioni. Sasa fikiria uko Pine Ridge, eneo walilotengewa Walakota, ni mwendo mfupi tu kutoka hapo, unataka kurudisha tatanka, ndo baisani kwa Kilakota, nyumbani, na mlango uliopo ni kubofya zabuni ukishindana na tajiri wa Texas.

Na siyo lazima iwe hivyo, hilo ndo linaloniudhi. Ukitoka kusini mwa Custer kuna uzio, ng'ambo yake ni Wind Cave, hifadhi ya serikali kuu, kundi lao lilianza 1913 na baisani 14 waliotoka bustani ya wanyama ya Bronx New York, yani walirudi porini kwa treni kutoka mjini. Nyasi zilezile, milima ileile. Ila wa Wind Cave ziada yao haiuzwi mnadani, inagawiwa kwa makabila na kwa watu wa uhifadhi, mara nyingi kupitia baraza la makabila la baisani lenye makao yake Rapid City. Jiji la Denver nalo lina makundi yake mawili ya umma, lilikuwa linauza ziada kwa mnada kama Custer, mwaka 2021 wakasema sasa tunawapa makabila, wakaanza na wanyama 14. Jiji halikufilisika.

Kwaiyo msimamo wangu siyo kwamba kuuza ni wizi, hapo KIA yangu niliiweka pembeni mapema. Kilichoniuma kuhusu twiga haikuwa bei, hata nikiambiwa ile bei leo sijui kama nitalia zaidi. Ni kwamba hakuna aliyehesabu mbele yetu. Huku namba ya kuanzia baridi inajulikana, mnyama anapita krashi mbele ya bibi mwenye kiti cha kukunja, mtoto anahesabu ndama. Ningependa kuona hilo siku moja kwetu, kwenye mashamba ya wanyamapori tunayoambiwa yanakuja, tuwekewe benchi tukae tuhesabu. Ila kwa Custer ningetenga sehemu, robo, theluthi, wakae wenyewe wapige hesabu, iende kwa Walakota kabla dalali hajafungua mdomo. Nilimwambia hivyo mwanamama mmoja mfanyakazi wa hifadhi aliyekuwa anaelekeza magari, akacheka kwa adabu akaniambia asante kwa kuja.

Novemba nilikuwa nimeegesha lori kwenye kituo cha mafuta, nimefungua mnada kwenye simu, mzee yuko kwenye video ya wasap jikoni kwake, na nyuma yake wanawe wawili na jamaa wengine watatu wa kanisani ambao sikujua kwamba wamealikwa. Ikaja video ya mitamba wanne. Kimya. Mzee akasema wa pili kutoka kushoto ana mgongo mzuri. Bei ikapanda, ikapanda, ikatupita mbali, na jikoni wakaguna wote kwa pamoja kama mpira umegonga mwamba.

Nikadhani yameisha. Akasogeza uso kwenye kamera.

"Mwanangu. Hii kitu inaruka urefu gani?"

Nikamwambia futi sita akiamua, uzio wake ni waya mzito na nguzo za karibukaribu, siyo huu wa ngombe.

Akawageukia wale jamaa, wakaongea Kinyamulenge kidogo, siyo kifupi sana, halafu akarudi.

"Basi uko barabarani, tupigie bei ya waya."